Usiliwashe

Neno la kwanza ambalo baba alinifundisha gerejini ni "usiliwashe".

Nilikuwa nimesimama na betri mpya mikononi, nimeinunua njiani nikitoka kazini, na kichwani nilikuwa na ile video ambayo sote tumeiona mara mia: mtu anafungua banda, anapangusa vumbi, anaweka betri, anazungusha ufunguo, gari linakohoa mara mbili tatu halafu linanguruma, na watu wanapiga makofi. Baba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, koti amelifunga mpaka shingoni, bakora katikati ya magoti. Ilikuwa Januari, na Coventry ya Januari haina huruma.

"Usiliwashe," akasema. "Gari limelala miaka kumi na tisa. Ukiliamsha kwa pupa, waliua."

Nikaiweka betri chini.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, stesheni wagoni ya mwaka 1980, rangi ya krimu, viti safu tatu. Kama wazazi wako wametoka Kenya au Tanzania huhitaji maelezo yangu. Mtajie mzee tu "Pijo" halafu tafuta pa kukaa, maana hutaondoka mapema. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya, lakini sifa zake kwetu hazikuletwa na tuzo. Zililetwa na mashimo. Kenya watu walisafiri kwa Pijo kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, wamebanana ndani, mizigo juu ya paa. Kwenye Safari Rally, kaka yake mkubwa, yaani 404, alishinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na miwili ya mwanzo dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Kisha 504 ikashinda 1975 na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Mwaka 1975 baba alikuwa kijana wa gereji Mombasa, na mpaka leo huisimulia Pasaka ile kana kwamba nati za gari lile alizikaza yeye.

Alipohamia Uingereza akawa dereva wa basi. Akanunua hii yetu 1991, mtumba, kwa sababu watoto tulikuwa wanne na kwa sababu, nadhani, alitaka kitu kimoja hapa mjini ambacho alikijua ndani na nje.

Aliyeiendesha mara ya mwisho ni mimi.

Novemba 2005 nilikuwa na miaka 17 na leseni ya miezi mitatu. Baba alinipa ufunguo niende Birmingham na rafiki zangu. Kurudi, tukakuta foleni kwenye M6, magari yamesimama kabisa, mvua, giza. Nikaiona sindano ya joto inapanda. Niliiona, nisiwadanganye. Ikafika kwenye nyekundu na mimi nikaendelea kusogea mita kumi kumi, kwa sababu niliogopa kusimama kando ya malori usiku, na simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Tukafika nyumbani boneti linatoa mvuke kama sufuria ya ubwabwa. Baba akatoka na kanzu. Akaniuliza kama sindano ilipanda. Nikasema haikusogea.

Akaniangalia. Akasema, "Haya, kalale."

Gari likaingia gerejini "mpaka Jumamosi". Jumamosi ikawa na zamu ya kazi. Likafunikwa shuka. Juu ya shuka zikaja baiskeli, friza la zamani, masanduku ya mama ya safari. Hatukulizungumza tena, mimi na yeye, na si kwamba tulikuwa hatusemezani. Tulizungumza kila kitu isipokuwa hilo.

Mwaka huu wazazi wangu wameamua kurudi Mombasa moja kwa moja. Nyumba inauzwa, tarehe ya mwisho ni Septemba. Gari haliwezi kwenda nao, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na hili lina 45. Mdogo wangu alishapata mtu wa vyuma chakavu, pauni 250 na analibeba mwenyewe. Nilipowaambia naomba niachiwe mpaka kiangazi, mdogo wangu alicheka. Baba hakucheka. Alisema tu, "Haya."

Sasa, tatizo la pili. Kiswahili changu ni cha jikoni. Nilikipata kwa mama: kumenya, kukuna, kukaanga, kupepeta, funika sufuria, punguza moto. Jikoni sikosi neno. Lakini gerejini walikuwa wakiingia wavulana, na huko kulikuwa na Kiswahili kingine kabisa ambacho mimi nilikisikia kupitia ukuta. Mikono ya baba siku hizi inatetemeka, hawezi kushika spana. Kwa hiyo mpango ulikuwa yeye aseme, mimi nifanye. Siku ya kwanza akaniambia "legeza", nikamtazama kama mgeni. Ninaijua kulegea, mtu aliyechoka amelegea. Sikuwahi kufikiri kwamba nati nayo hulegezwa. "Kaza" nilidhani ni ya mwendo tu. Na nilipokuwa mdogo, kila nikisikia "gari limewaka" nilikimbilia dirishani kuangalia moto.

Wenzangu, mnaelewa. Tunasema "nakijua Kiswahili" kumbe tunajua chumba kimoja cha nyumba.

Basi, kwa nini usiliwashe? Petroli haikai kama asali. Ikikaa miaka inachacha, ile nyepesi inaruka, inabaki ile nzito inayogeuka gundi. Tulipofungua tangi harufu ilikuwa ya rangi ya mlango. Ukipiga stata, pampu inaivuta gundi ile mpaka kwenye kabureta, na vitundu vya kabureta ni vyembamba kuliko sindano. Ndani ya injini nako, kuta za silinda zimekauka. Pistoni ikipanda bila mafuta inakwaruza. Na ringi za pistoni huenda zimeshikana na kutu. Stata haijui hayo. Itasukuma tu mpaka kitu kivunjike.

Kwa hiyo unaanza kwa mkono. Tulitoa plagi zote nne, nikamwagia oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda kwa bomba kubwa la sindano. Mimi ni mfamasia, mabomba ya sindano ndiyo kitu pekee nilichochangia mradi huu kwa utaalamu wangu. Tukaacha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikaweka spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, nikavuta polepole. Kitu hakikusogea. "Usipigane nayo," baba akasema. "Mbele kidogo, nyuma kidogo." Mbele kidogo, nyuma kidogo, na baada ya kama dakika kumi kile kitu kizito huko ndani kikageuka, laini, bila sauti. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka na mwiko.

Kitu kimoja kilinishangaza wakati huo. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili kilikuwa kikavu. Rejeta nayo haikuwa na tone. Nikamwambia baba limevuja lote. "Halikuvuja," akasema. "Nilimwaga mwenyewe, usiku ule ule. Maji yakiingia kwenye oili yakakaa, yanakula kila kitu." Yaani mimi nimekwenda kulala, yeye amebaki humu na kanzu yake akimwaga oili na maji, akatia oili safi kwenye silinda, saa saba ya usiku, na asubuhi ana zamu. Sikusema kitu. Nikaendelea kusafisha plagi ambazo zilikuwa tayari safi.

Siku hiyo hiyo nilifungua kile kisanduku cha dashibodi kutafuta kitabu cha gari. Kulikuwa na miwani ya jua, kaseti mbili za taarabu, na bahasha ndogo yenye stempu ya Kenya. Ndani, kimefungwa kwa kipande cha Taifa Leo, kulikuwa na kijidude cheusi kama ncha ya penseli ya seremala, kina springi na kiwaya cha shaba. Sikujua ni nini. Nikakitia kwenye chupa ya jemu pamoja na skrubu zilizobaki, bahasha na yote.

Baba hakutaka kusikia habari za kuwasha mpaka breki zikamilike. "Gari lisilowaka halimuui mtu," alisema, na sikuwa na la kujibu. Na kama mna gari la mzazi limekaa mahali, naomba hapa msipite haraka. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Kadiri miaka inavyokwenda, maji yale yanatengeneza kutu ndani ya mabomba na ndani ya silinda ndogo zinazosukuma brekishuu, mahali usipoona. Unaweza kukanyaga breki ukiwa gerejini, ikashika vizuri, halafu siku ya pili barabarani mpira ukapasuka na mguu ukaenda mpaka chini. Ile mipira inayokwenda kwenye magurudumu ya mbele ilikuwa mizima ukiitazama kwa nje. Nilipoikata mmoja, tundu la ndani lilikuwa limevimba mpaka karibu kuziba. Gari kama hilo hukanyaga breki ikashika, ukiachia haiachii.

Wagoni ya 504 ina diski mbele na drami nyuma. Mbele kazi ilikuwa wiki mbili. Nyuma ilikuwa mwezi. Drami moja ilikataa kutoka kabisa, tukaipaka oili ya kulainisha kutu, tukaigonga, tukaipasha moto, tukaisemesha. Ilipotoka, silinda yake ilikuwa imeganda kama jiwe. Nilibadilisha zote, mipira yote, na mabomba mawili ya chuma. Mafuta machafu niliyavuta kwa bomba la sindano. Kutoa hewa kunahitaji watu wawili, mmoja kanyaga, mmoja fungua, na hapo ndipo mama akaingizwa kazini. "Kanyaga, mama! Shikilia! Achia!" Mtu akipita nje angedhani kuna kuzaa.

Matairi nayo yalikuwa na meno mazuri kabisa na yote yalikwenda jalalani. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yalisema 2303. Wiki ya 23, mwaka 2003. Raba ya umri huo inapasuka, hata kama haijatembea.

Machi tukaanza kupima injini. Bado hatujawasha, tunaizungusha tu kwa stata bila plagi, oili mpya ndani, mpaka taa ya oili izimike. Kisha ukapima kompresheni, yaani silinda moja moja inabana hewa kwa nguvu gani. Ya kwanza nzuri. Ya nne nzuri. Ya pili na ya tatu zilikuwa nusu tu, na zote mbili sawasawa. Nikamsomea baba tarakimu. Akafumba macho.

"Jirani wawili wanavujiana," akasema. "Gasketi imeungua katikati yao."

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya M6. Joto lilipozidi, ile hedi ya aluminiamu ilijikunja kidogo, na gasketi ikaungua pale ilipo nyembamba zaidi. Basi hedi lazima itoke. Na kwenye injini hii kutoa hedi kuna mtego. Silinda zake si tundu lililochongwa kwenye chuma cha injini. Ni laina, mirija minne iliyochomekwa, na maji ya rejeta yanaizunguka kila upande. Chini ya kila mmoja kuna pete ya kuziba. Ukilegeza hedi ukainyanyua moja kwa moja, gasketi iliyogandamana itazivuta laina nazo zipande, pete zile za chini zitaachia, na siku ukitia maji yatashuka yote kwenye oili. Kwa hiyo huinyanyui. Unaitikisa kwanza kwa nyenzo mbili, upande huu upande huu, mpaka gasketi ikubali. Halafu haraka unazifunga laina kwa bolti na washa pana, na kuanzia hapo hakuna mtu kuigusa ile puli.

Baba alinieleza yote haya bila kuangalia, amefumba macho, mikono yake ikifanya hewani. Mikono ile ile isiyoweza kushika kikombe. Hewani haikutetemeka.

Hedi tuliipeleka kwenye karakana ikanyooshwa kwa mashine. Spea ndizo zilikuwa hadithi. Nyingine zilitoka Ufaransa kwa posta. Lakini pikapu za 504 ziliendelea kuundwa Kenya mpaka 2004, miaka zaidi ya ishirini baada ya sisi huku kuanza kuzisahau, kwa hiyo Kirinyaga Road, Nairobi, bado unaingia duka ukitaja "504" na mtu anainuka. Shangazi alikuja Aprili na seti ya gasketi, pampu ya maji na mipira ya rejeta, vyote kwenye sanduku moja na visheti. Gasketi ilinukia iliki.

Kabureta niliifungua mezani kwa mama, juu ya gazeti, kwa ruhusa. Pointi za distribyuta nilizisafisha kwa msasa mwembamba nikaweka nafasi ya milimita 0.4. Tangi lilioshwa. Mipira yote ya petroli tulibadilisha, kwa sababu tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, ina etanoli mpaka asilimia 10, na etanoli hula mipira ya zamani na kuvuta maji. Gari la umri huu linapewa ile ya E5, ya bei. Uchungu wake utauona kwenye pampu.

Tuliwasha siku ya Jumapili mwezi wa tano. Kusema kweli hakukuwa na kukohoa mara mbili tatu. Kulikuwa na dakika ishirini za kuzungusha na kuacha stata ipumzike, nikagundua nimechanganya waya za plagi, mpangilio ni 1, 3, 4, 2, na mimi niliziweka 1, 2, 3, 4 kama mtu anayehesabu ngazi. Nilipozirudisha likawaka papo hapo. Moshi mweupe ukajaa gereji, jirani akachungulia, mama akapiga kigelegele. Baba aliinua mkono kutunyamazisha. Alikuwa anasikiliza.

Tukaliacha linguruma. Dakika tano, kumi. Sindano ikapanda ikafika katikati, mahali pake. Nikatabasamu. Ikapita katikati.

"Feni haishiki," baba akasema, yuko mlangoni, hata geji haioni.

Nikazima. Akanieleza, na hapa nitawaeleza nanyi, kwa sababu kila kitu kilikuwa hapa. Magari mengi ya wakati ule feni ilizunguka na injini muda wote. Peugeot ilifanya werevu: feni inaelea tu, haizungushwi, mpaka maji yapate moto. Hapo swichi ya joto inapeleka umeme kwenye sumaku, sumaku inaishika feni, feni inazunguka. Lakini umeme unafikaje kwenye kitu kinachozunguka? Kwa brashi. Kipande kidogo cha kaboni kinasukumwa na springi kikigusa pete inayozunguka. Kaboni inalika polepole. Ikiisha, umeme haufiki, feni haishiki. Ukiwa mwendo kasi hutajua, upepo unapoza rejeta wenyewe. Utajua siku utakayosimama kwenye foleni.

"Tutafute brashi," baba akasema. "Kitu kidogo cheusi, kina springi."

Nikaenda kwenye rafu, nikamimina chupa ya jemu juu ya benchi. Nikampelekea kile kijidude na bahasha yake.

Akakigeuza. Akaishika bahasha mbali na macho, kwa jinsi anavyosoma siku hizi. Muhuri wa posta ulikuwa bado unasomeka, Septemba 2005.

"Hii uliitoa wapi?"

"Kwenye dashibodi."

Alikaa kimya muda mrefu. Moshi ulikuwa unatoka nje taratibu kupitia juu ya kichwa chake.

"Ilikuja mwezi wa tisa," akasema. "Nilimwandikia binamu yangu anitumie, kwa sababu ile ya zamani nilijua imekwisha. Kila Jumamosi nikasema nitaiweka. Nusu saa tu. Kila Jumamosi nina zamu." Akakifunga tena kwenye gazeti, mikono inatetemeka, kikaanguka, nikamwokotea. "Nikakupa ufunguo na mimi najua feni haishiki. Nikajiambia, aenda kwa barabara kuu, upepo upo, halitachemka."

"Baba, mimi sindano niliiona."

"Najua."

"Nilikwambia haikusogea."

"Najua, mwanangu. Sindano ile haijawahi kukosa." Halafu akasema, "Nilitaka useme hivyo. Ungesema iliona nyekundu ningelazimika kukwambia kwa nini."

Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo nililia vibaya, kwa bega. Mama akaita kutoka jikoni kwamba chai inapoa. Tukaenda tukanywa chai. Nikarudi nikaweka brashi. Ni kweli, nusu saa tu, pamoja na kuisugua ile pete kwa msasa. Tulipowasha tena tukangoja sindano ifike katikati, na kukasikika "tak", feni ikashika, upepo ukapeperusha shuka kuukuu lililokuwa sakafuni. Sindano ikarudi.

Mengine yalikuwa ya kawaida na sitawachosha. Gari lililozidi miaka 40 na halijabadilishwa sana halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka hapa Uingereza, tangu Mei 2018, na kodi ya barabara ni sifuri, ingawa lazima uombe hiyo sifuri na bima lazima uwe nayo. Mimi nililipeleka kukaguliwa vivyo hivyo. Likafeli: shimo la kutu chini ya mlango wa kushoto nyuma na bomba la breki ambalo mimi nililiona zima. Nawaomba nanyi msiutumie msamaha ule kama kisingizio. Fundi wa kuchomelea alichukua siku mbili. Gharama zote, mpaka linatoka barabarani, zilikuwa pauni 2,140. Mdogo wangu alifanya hesabu akaniambia kwa bei ile ya chakavu nimepata hasara mara nane. Nimemwambia aje siku moja, safu ya tatu kuna nafasi.

Wiki tatu kabla ya safari yao, Jumamosi ya Agosti, nikamchukua baba. Alivaa koti lake la basi la zamani, sijui kwa nini, na sikumuuliza. Nikataka tuzunguke mtaani tu. Akasema, "Birmingham." Tukaingia M6, kilomita 90 kwa saa, malori yanatupita, watoto wanatupungia mkono kwenye vioo vya nyuma. Baba alikuwa anaimba chini chini kitu kutoka kwenye zile kaseti.

Karibu na mji, taa nyekundu zikaanza kuwaka mbele, moja, mbili, zote. Foleni. Tukasimama kabisa. Nikahisi mabega yangu yanapanda, macho yakateremka kwenye dashibodi.

Baba akaegemea mbele, akaweka miwani.

"Wewe tazama njia," akasema. "Sindano niachie mimi."